Lehenga ya nakshi: mambo ya kupanga kabla mkasi haujagusa kitambaa

Lehenga ni vazi la sherehe la Kihindi, na nyingi zinazoharibika haziharibiwi na mtarizi. Kazi ya mkono inaweza kuwa safi kabisa, puleki zimekaa sawa na zari, ule uzi wenye mng'ao wa dhahabu au fedha, inang'aa, lakini vazi likivaliwa, pindo limepanda upande mmoja, blauzi yake inabana kwapani, na maua mawili yaliyotakiwa kukutana kwenye mshono yamepishana nusu inchi. Karibu kila mara chanzo ni mfuatano wa kazi. Kilichotakiwa kutangulia kimefuata, na nakshi ikishakaa kwenye kitambaa haina subira: huwezi kuikunja, kuikata wala kuisogeza utakavyo.

Vazi lenyewe ni vipande vitatu. Lehenga ni sketi ndefu, choli ni blauzi fupi ya kubana, na dupatta ni mtandio. Kule Gujarat, magharibi mwa India, sketi huitwa chaniya, na chaniya choli ya kuchezea garba wakati wa Navratri, sikukuu ya Kihindu ya usiku tisa, si ndugu wa karibu sana na lehenga ya bibi harusi wa Delhi, ingawa kwenye picha zinafanana. Garba, ambayo UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni mwaka 2023, ni ngoma ya kuzunguka na kuinama kwa saa nyingi. Chaniya yake iwe ya pamba, pana sana chini, na iishie kwenye kifundo cha mguu. Ikigusa sakafu itakanyagwa kabla ya mzunguko wa pili. Ya harusi hukaa zaidi kwenye kiti na jukwaani, kwa hiyo inaweza kuwa ya mahameli au hariri nzito, iguse sakafu, na ipite kilo 5 bila mvaaji kulalamika sana. Ya Diwali huwa kati ya hizo mbili: kitambaa chepesi kama joji, na urembo wa gota, ule utepe wa dhahabu wa Rajasthan unaokatwa na kukunjwa kuwa maua na majani. Anayeshona moja akitegemea itatumika kote kote atapata vazi zito mno kwa kucheza na jepesi mno kwa harusi. Amua kwanza, kisha ndipo ununue kitambaa.

Hesabu ya kali

Sketi nzuri haipatikani kwa kukusanya marinda kiunoni, maana marinda juu ya nakshi hunenepesha nyonga. Hukatwa kwa kali, yaani vipande vyembamba juu na vipana chini, vinavyounganishwa kuzunguka mwili. Kali huwa 8, 12, 16, hata 24. Kwa anayeanza, 12 zinatosha.

Chukua mfano wa kiuno cha inchi 30, kilichopimwa pale sketi itakapokaa, yaani chini ya kitovu. Urefu ni inchi 40, uliopimwa mvaaji akiwa amevaa viatu vya siku hiyo. Mzunguko wa chini tuseme inchi 180, karibu mita 4.6. Gawanya kwa 12: kila kali ina inchi 2.5 juu na 15 chini. Ongeza nusu inchi ya mshono kila upande, zinakuwa 3.5 juu na 16 chini. Urefu wa kukata uwe inchi 42, na zile mbili za ziada zikae juu kiunoni, kwa sababu nitakayoieleza mbele.

Ukizipanga kali kichwa chini, kichwa juu, mbili zinachukua inchi 19.5 za upana wa kitambaa. Kwenye kitambaa cha inchi 44 zinaingia kali 4, zikichukua inchi 39. Kali 12 ni urefu wa kitambaa mara 3, yaani inchi 126, au mita 3.2. Kwa mahameli hesabu hii haifai. Manyoya ya mahameli yanalala upande mmoja, na kali iliyogeuzwa itaonekana na rangi nyingine kwenye mwanga, hata kama kitambaa ni kile kile. Hapo kali zote zielekee upande mmoja, zinaingia 2 tu kwenye upana, na kitambaa kinapanda hadi mita 6.4. Hariri ya Banaras yenye maua yaliyosimama nayo ni hivyo hivyo. Muuzaji akisema mita 4 zinatosha "kwa lehenga yoyote", muulize ni ya kitambaa gani.

Kuna jambo dogo la jiometri ambalo mafundi wa haraka hulipuuza. Pembeni mwa kali ni mshazari, kwa hiyo ni parefu kuliko katikati. Kwa vipimo hivi tofauti ni karibu nusu inchi. Chini ya kali pasikatwe mstari ulionyooka. Pakatwe upinde, pembe zikipunguzwa hiyo nusu inchi. Usipofanya hivyo, pindo linatoa ncha 12 zinazoning'inia, moja kila mshono, na ukanda wa nakshi wa chini unafuata ncha hizo hizo.

Nakshi kwanza, mkasi baadaye

Kali huchorwa kwenye kitambaa kizima, hutariziwa kikiwa kizima, na hukatwa baada ya kutolewa kwenye fremu. Fremu ya zardozi, yaani nakshi nzito ya nyuzi za madini, huitwa adda au karchob, nayo ni mbao nne zilizolala juu ya vigingi. Kitambaa hushonewa pembezoni na kukazwa kwa kamba mpaka kikigongwa kwa kidole kitoe mlio. Mafundi huketi sakafuni kukizunguka, kila mmoja upande wake. Mchoro huhamishwa kwa khaka: karatasi ya kunakilia iliyotobolewa matundu madogo kwa sindano kufuata mistari, halafu husuguliwa kwa kitambaa kilichochovywa kwenye poda ya chaki iliyokorogwa na mafuta ya taa. Mafuta huruka, nukta za chaki hubaki. Kwa kitambaa cheupe hutumika unga wa nili, na hapo mkono uwe mwepesi, maana nili ikizidi huacha kivuli cha buluu chini ya nakshi hata baada ya kusafishwa.

Kwa nini usikate kwanza? Kwa sababu nakshi nzito huvuta kitambaa. Kila mshono unakaza kidogo, na kikilegezwa kutoka kwenye fremu, kitambaa kinarudi ndani. Kali iliyokatwa kwa kipimo kabla ya kutariziwa hurudi ikiwa imepungua, na haipungui sawasawa: chini kwenye ukanda mzito inapungua zaidi, juu ambako kuna vidoti vya hapa na pale inapungua kidogo. Zile inchi 5 zilizobaki kwenye upana wa inchi 44 ndizo nafasi yako. Zigawe kati ya kali 4, kila moja ipate kama inchi moja na robo ya ziada, na baada ya nakshi weka tena patani ya karatasi juu yake ndipo ukate. Ukiona mikunjo midogo kuzunguka maua, basi fremu ililegea au uzi ulivutwa kwa nguvu, na pasi haitaiondoa.

Chikankari, nakshi ya uzi ya Lucknow, ina njia yake. Mara nyingi nguo hukatwa kwanza, mchoro ukapigwa kwa mhuri wa mbao na rangi ya muda, ikatariziwa, kisha ikaoshwa ili rangi ya mhuri itoke. Inawezekana kwa sababu uzi wake ni wa pamba na hauvuti kitambaa kama inavyovuta dabka, ule waya mwembamba uliosokotwa kama springi. Usichukue utaratibu huo ukaupeleka kwenye zardozi.

Mpaka wa nakshi uishie kwenye mstari wa mshono. Ndani ya ile nusu inchi ya mshono pasiwe na shanga, dabka wala puleki. Sindano ya cherehani ikigonga shanga huvunjika, na hata isipovunjika, mguu wa cherehani hupanda juu ya nakshi na mshono unayumba. Tumia mguu mwembamba wa kushonea zipu. Ikiwa fundi amejaza mpaka pembeni, shanga zilizo kwenye njia ya sindano zivunjwe kwa koleo huku umezifunika kwa kitambaa, ili uzi ubaki mzima; ukikata uzi, shanga za jirani nazo zitaanza kudondoka. Ua linalovuka mshono hutariziwa nusu kila upande, kisha mtarizi hurudi kuziba pengo kwa mkono baada ya kali kuunganishwa. Marudio hayo yaingie kwenye mapatano tangu mwanzo. Mtarizi akishalipwa na kuondoka, hilo pengo litabaki hivyo hivyo.

Aari inataka tahadhari zaidi. Ni sindano yenye ndoano inayotoa mishono ya mnyororo, na mnyororo ukikatwa katikati, uzi ukivutwa upande wake wa mwisho unafumuka mstari mzima. Kabla ya kukata, piga mstari wa cherehani wa mishono midogo ndani kidogo ya pale mkasi utakapopita.

Kugeuza nguo upande wa pili

Anayenunua iliyokwisha tariziwa, iwe Chandni Chowk ya Delhi, Law Garden ya Ahmedabad au Chowk ya Lucknow, aanze na upande wa ndani. Aari ya mkono ina mnyororo mbele na nyuma mstari mwembamba wa mishono inayofuatana, uzi ukiwa wa rangi ile ile, na mafundo hapa na pale. Ya mashine huwa na uzi wa pili nyuma, mara nyingi mweupe, na nyuma ya kila ua utaona mabaki ya karatasi au kitambaa cha kuimarishia. Ya mashine si dhambi. Kwa msichana atakayeicheza Navratri moja na kuitundika, inafaa. Kosa ni kuilipia bei ya mkono. Chikankari ya Lucknow ilipata ulinzi wa alama ya kijiografia, yaani jina lake lilindwe kwa kazi ya huko tu, mwaka 2008 na zardozi ya huko mwaka 2013, lakini alama hiyo haimzuii mtu barabarani kutamka jina la Lucknow.

Zari nayo ni ya ngazi tatu. Ya kweli ni waya wa fedha uliobapwa, ukazungushwa kwenye uzi na kupakwa dhahabu. Inayofuata ni waya wa shaba uliopakwa fedha. Ya mwisho ni utando wa plastiki wenye mng'ao. Surat hutengeneza kwa wingi. Chomoa uzi mfupi kwenye ukingo uuchome: plastiki huyeyuka ikajikunja kuwa tone gumu, waya hubaki waya. Kisha ukwangue kwa ukucha au kisu, na kama kuna wekundu chini, ni shaba. Shaba ndiyo inayogeuka nyeusi haraka zaidi kwa jasho. Plastiki haigeuki nyeusi, ila pasi ya moto huikunja papo hapo.

Kwa vioo vidogo vinavyoshonwa kwenye nakshi za Kutch, huko Gujarat, angalia vimeshikwa na nini. Kioo kilichoshonwa vizuri kina nyuzi zilizopishana juu yake zikifanya fremu, halafu mishono ya kuzunguka inayozivuta nyuzi hizo kwenda pembeni. Kisukume kwa kidole gumba, kikicheza, kitatoka. Vya gundi hutoka mapema, na vya plastiki hupoteza mng'ao vikipigwa pasi. Kioo halisi kisikae upande wa kwapa wala ndani ya mkono wa choli, kwa sababu mchezaji wa garba anapandisha na kushusha mikono usiku kucha na kingo zake zitamkwaruza.

Kuunganisha sketi

Shona kali kuanzia pindoni kwenda kiunoni, zote kwa mwelekeo huo mmoja. Ukanda wa nakshi wa chini ndio utakaotazamwa, basi ukutane sawa pale. Tofauti ndogo ndogo ziishie kiunoni zitakakofichwa na mkanda. Ziungane mbili mbili, kisha nne nne, ili kosa lionekane mapema. Halafu tundika sketi siku nzima kabla ya kugusa kiuno. Pembe za mshazari hunyooka kwa uzito wa nakshi, na zisiponyookea kwenye kamba ya fundi zitanyookea mwilini mwa mvaaji.

Hapa ndipo zile inchi 2 za juu zinapofanya kazi. Pindo lenye nakshi halikatwi. Ukitaka kusawazisha urefu, unapandisha kitambaa kiunoni pale kilipoteremka. Ila kuwa mwangalifu, maana kali inapanuka kila unaposhuka: kwa vipimo vyetu, kila inchi unayopunguza juu inaongeza karibu theluthi moja ya inchi kwa kila kali, na kwa kali 12 kiuno kinakua inchi 3.75. Fundi asiyelijua hili hupunguza urefu inchi moja, akashangaa sketi inapwaya, kisha akaikaza kwa kamba na kutengeneza yale marinda tuliyokuwa tukiyakwepa. Nafasi hiyo igawanywe kwenye mishono yote 12, kila mmoja ukiingizwa ndani kidogo.

Bitana iwe ya pamba iliyoloweshwa na kukaushwa kabla ya kukatwa, ishikwe kiunoni peke yake, na iishie inchi moja juu ya pindo. Ukiishona chini pamoja na kitambaa cha juu, kimoja kitanyooka na kingine hakitanyooka, na pindo litajikunja ndani. Wavu mgumu wa kutunisha sketi uanze inchi 10 hadi 12 chini ya kiuno na ukae katikati ya bitana mbili. Ukianzia kiunoni utamvimbisha mvaaji nyonga, na ukigusa ngozi utamwasha. Ndani ya pindo weka ukanda mgumu wa inchi 3 hadi 4 ili nakshi isijipinde.

Kiuno cha lehenga nzito kisitegemee kamba peke yake. Mkanda wa inchi 2 wenye kitambaa kigumu ndani, zipu upande wa kushoto, kulabu mbili kubwa juu yake, kisha kamba ya nada ipite ndani kwa ajili ya kukaza. Kulabu zinabeba uzito, kamba inarekebisha. Kando ya zipu acha nusu inchi tupu kila upande. Puleki moja ikinaswa na meno ya zipu, inayoumia ni zipu.

Choli

Sketi inasamehe, choli haisamehi. Kitambaa kilichojaa nakshi hakinyumbuki kabisa, kwa hiyo choli ya majaribio ya pamba ya bei nafuu si anasa. Pima kifua, chini ya matiti, urefu kutoka begani hadi ncha ya titi, umbali kati ya ncha mbili, mzunguko wa kwapa na mzunguko wa mkono, mvaaji akiwa na sidiria atakayoivaa siku yenyewe. Jaribu ile ya pamba, irekebishe, na hiyo iliyorekebishwa ndiyo ichorwe kwenye kitambaa cha fremu. Nakshi ya shingo ikitangulia kabla ya majaribio, shingo itakuja chini au pembeni, na haisogezwi.

Mikono ya choli iongezewe inchi moja ya nafasi kuliko choli ya kawaida, na chini ya kwapa pakae kipande cha hariri tupu. Pembeni ndani acha inchi 1.5 hadi 2 za kufungulia baadaye, na mshono ukae chini kabisa ya mkono ili sehemu isiyo na nakshi ikifunguliwa isionekane. Jaribio ni moja: mvaaji apandishe mikono yote miwili apige makofi juu ya kichwa. Choli ikipanda juu ya matiti, kosa liko kwenye kwapa, wala si kwenye urefu.

Dupatta ni jambo dogo, mita 2.5 hivi, lakini ndiyo inayochanika. Kitambaa chepesi chenye ukanda mzito hubebwa na pini moja begani, na pini inafungua tundu linalokua. Shona kipande kidogo cha pamba upande wa chini pale pini itakapopita, uchome pini humo.

Baada ya sherehe

Manukato yapuliziwe mwilini na kukauka kabla ya kuvaa. Yakigusa zari huacha doa. Likivuliwa, vazi litandazwe ndani nje mahali penye hewa na kivuli mpaka jasho liishe, ndipo likunjwe ndani ya melimeli ya pamba iliyofuliwa bila wanga. Usilitundike, usilifunge kwenye plastiki, na usiweke vidonge vya nondo karibu na zari. Waya wake hufifia. Likunjue kila baada ya miezi 2 au 3 ulikunje kwa mistari mingine, hasa majira ya masika ya India, unyevu unapoingia kabatini. Pasi ipite upande wa ndani, nakshi ikiwa imelala juu ya taulo nene, na mahameli yapigwe mvuke tu bila kuguswa.

Kabla mtarizi hajakunja fremu yake, mwombe mabaki: mita chache za uzi wa kila rangi, kijiko cha puleki, vipande vya dabka. Uzi wa rangi ile ile kutoka bunda lingine hautalingana, na dabka mpya kando ya ile ya mwaka jana itang'aa peke yake.